Mbangara ya Kutema

Kutoka Voi mpaka Taveta hakuna mtu anayeshika hadithi yake kichwani kunishinda mimi. Kichwa changu hakivuji. Ni kweli kwamba katika hadithi ya wiki iliyopita nilimchinja mbuzi ambaye wiki ya kabla yake nilikuwa nimeshamchinja, na watu wa kijiji cha Mghange wameniletea salamu wakiuliza kama yule mbuzi alikuwa na roho ya akiba. Basi yaishe. Mbuzi wa leo ni mwingine, ni beberu, yu hai, na mumtazame vizuri maana ana kazi.

Tulimwacha Zephaniah bandani. Mkewe Priscilla alikuwa amemfunga kwa kamba ya mkonge, kiuno na nguzo ya banda la mbuzi, kwa ridhaa yake mwenyewe, ili pombe imtoke mwilini. Alikuwa ametetemeka kama mtu anayepepeta mahindi. Alikuwa ameona siafu wakimpanda miguuni, na siafu hawakuwapo. Sasa siafu walikuwa wamekwenda zao, na yeye ameanza kuona vitu vilivyopo kweli, jambo ambalo ni baya zaidi.

Ndipo mlango ukasukumwa. Harufu ikaingia kwanza, mtu baadaye.

Harufu ilikuwa ya mbangara, pombe ya miwa iliyoiva. Mtu alikuwa Fanuel, kaka mkubwa wa Zephaniah, na kibuyu kwapani.

Kama kuna msomaji aliyedhani Fanuel amekuja kuokoa, na akae chini.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Nitie kidogo, kaka."

"Salamu kwanza. Mama alitulea bila salamu?"

"Sijambo. Nitie."

"Sijambo gani hiyo, na meno yanagongana hivyo." Fanuel alichuchumaa, akakiweka kibuyu katikati ya magoti yake kama mtu anayempakata mtoto. "Kinu changu kimelala tangu ulipofungwa. Miwa inakauka. Vijana nikiwaita waje kutwanga, wanataka shilingi. Wewe hujawahi kunidai hata senti. Kata moja asubuhi, kata moja jioni, unatwanga mpaka mikono inachubuka. Nakupenda kwa hilo."

"Nifungue basi, nikatwange."

"Nikufungue, mkeo aseme nimekuiba? Hapana. Nataka utoke mwenyewe, uje kwangu mbio."

Alikizibua kibuyu. Alikipitisha chini ya pua ya Zephaniah, polepole, kutoka sikio hadi sikio. Zephaniah aliufuata mdomo wa kibuyu kwa mdomo wake kama ndama anayetafuta titi. Kamba ikamkata kiunoni.

Fanuel akainuka, akaenda mpaka kwenye kigae cha mtungi ambamo mbuzi hunyweshewa maji, akamimina humo.

Beberu hakungoja kukaribishwa. Alikunywa, akainua kichwa akafikiri, akainama tena. Alipomaliza, ndevu zake zilikuwa zinadondoka.

Fanuel alicheka hadi akashika nguzo. "Ona mgeni wangu alivyo na adabu," alisema. "Haulizi hata bei." Akatoka, na kicheko chake kikamfuata njia nzima hadi kwake.

Zephaniah aliivuta kamba mpaka ngozi ikatoka damu. Kigae hakikufikika. Alilala kifudifudi akanyoosha ulimi, na ulimi ukafika kwenye mavi ya mbuzi, haukufika kwenye kigae. Lakini beberu, ambaye sasa alikuwa amechangamka na kuwapenda watu wote, alimjia mwenyewe, akasimama mbele yake akiyumba.

Hakuna namna ya kulisema hili kwa heshima, kwa hiyo nitalisema lilivyo. Zephaniah, mwana wa Mghange, aliyebatizwa mbele ya watu na nguo nyeupe, alimshika beberu pembe akamlamba ndevu. Hakuacha palipokauka. Alinyonya unywele mmoja mmoja.

Priscilla alimkuta hivyo hivyo, na yeye ana bakuli la uji mkononi.

Alimtazama. Alimtazama na beberu. Akasogea, akachomoa kitu mdomoni mwa mumewe kwa kidole na gumba.

"Unywele gani huu?"

Sasa ngoja. Ndani ya Zephaniah uongo ulikuwa umejipanga tayari kama watoto wa shule siku ya mgeni, kila mmoja na nguo yake. Alikuwa na uongo wa kila aina. Alikuwa amewahi kusema jembe limeibwa na nyani. Alikuwa amewahi kusema gari la moshi limeharibika Voi ndiyo maana amechelewa kurudi kutoka shamba la jirani. Alifungua kinywa achague mmoja, na kikatoka kitu ambacho hata yeye hakukitarajia.

"Nimelamba ndevu za beberu. Fanuel amemnywesha mbangara, mimi sikufika kwenye kigae. Nikamlamba."

Priscilla aliweka uji chini. Mabega yakaanza kumcheza. Zephaniah alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia.

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa na mkojo."

"Nimekuuliza ilikuwa tamu?"

"Ndiyo," alisema Zephaniah. "Ilikuwa tamu."

Priscilla akapiga magoti akaanza kulegeza fundo.

"Mbona unanifungua? Kiu bado ninayo."

"Kiu yako naijua. Utazeeka nayo. Sikukufunga kwa ajili ya kiu, nilikufunga kwa ajili ya ulimi." Fundo lilikuwa limekazwa na jasho, akaling'ata kwa meno, akaendelea kusema na kamba mdomoni. "Siku ukiniambia, mama Mable, nimekunywa, nimeanguka, mimi nitakutukana, nitakulaza nje, asubuhi tutaanza upya. Naliweza hilo. Siku ukinidanganya namchukua mtoto, namchukua na mama yangu, tunashuka Makwasinyi. Hutauona hata moshi wetu. Umenisikia, baba Mable?"

"Nimekusikia."

"Basi kunywa uji. Una kazi leo."

Alikunywa. Wakati anakunywa, Priscilla akamweleza.

Mable, binti yao wa pekee, alikuwa hajafungua macho tangu alfajiri. Joto lilikuwa limempanda mpaka ngozi inaunguza mkono. Mwonaji alikuwa amekuja wakati Zephaniah bado anapigana na siafu wake, akamchinja mbuzi (ndiyo, yule yule), akasoma matumbo yake, na alichokisoma hakikumshangaza mtu. Mtoto anaumwa hasira ya baba yake.

Hasira yenyewe kila mtu aliijua. Zephaniah alirudi kutoka kubebea Waingereza mizigo katika vita vya Mjerumani, akakuta baba yao amezikwa, na shamba la miwa la kando ya kijito limeingia mikononi mwa Fanuel lote, hadi mpakani. Yeye aliachiwa upande wa mawe. Aliimeza hasira, na juu yake akamwagia mbangara ya huyo huyo Fanuel ili ishuke. Watu walipenda kusema ni vita vilivyomharibu. Wengine walibeba mizigo ile ile, wakarudi, wakalima.

Dawa ya hasira kama hiyo huku milimani ni moja, kutasa. Mtu anajaza kinywa, anaitaja hasira yake kwa jina, kisha anatema kwa kupuliza, matone yanaruka kama manyunyu, na hasira inatoka nayo. Anatema yote. Akimeza hata funda, hasira inarudi ndani, na safari hii haikai kwa mwenyewe, inamwendea mgonjwa moja kwa moja.

Hata shemeji wa mwalimu wa misheni aliyajua hayo, na siku hiyo alikuwepo uani, amevua msalaba akautia mfukoni.

Wazee walikuwa wamekwisha kukaa. Swali lilikuwa moja. Atatema nini?

"Maji," alisema Priscilla.

"Maji yanatosha," alisema mama yake kutoka ndani. Huyu ni Bibi Mghoi, kipofu, ambaye alikuwa ameketi na mjukuu wake tangu ugonjwa uanze na hakuwa ametoka. "Hata maji ya muwa mabichi. Mtu mwenye kidonda humpaki pilipili."

"Maji ni ya wanawake," alisema Fanuel. Alikuwa amekuja na kibuyu kingine, kikubwa, na uso wa msiba. "Marehemu baba alitasa kwa mbangara. Hasira iliingia na mbangara, itoke na mbangara. Au mdogo wangu anaogopa? Kama anaogopa mseme tu. Hata kibuyu cha maji tutampa, na kanga ya kujifunga."

Watu wakacheka. Wazee wetu wakicheka huwa wanaziba mdomo, lakini mabega yanasema.

Na Zephaniah, ambaye angeweza kunyamaza, ambaye angeweza kusema naogopa, ndiyo, nipeni maji, na mambo yakaishia hapo nasi tukalala mapema, alikuwa na uji tumboni, alikuwa ametoka kufunguliwa kamba, na alikuwa amesema kweli mara moja maishani. Kweli hiyo ilimpanda kichwani kuliko pombe.

"Leteni mbangara," alisema.

Priscilla alimshika mkono. "Sema unaogopa. Ni neno tu."

"Siogopi."

"Usinidanganye."

"Siogopi, mama Mable. Mtoto wangu ni huyo mle ndani. Unadhani nitammeza mtoto wangu?"

Priscilla akauachia mkono.

Alipewa kibuyu. Alijaza kinywa.

Nani aliyewahi kukaa juani kutwa nzima akabeba mzigo wa mtu mwingine, halafu akaambiwa atie maji mdomoni asiyanywe? Mbangara ilimjaa mashavuni, tamu, chachu, ina mapovu. Ilimpiga ufizi. Ulimi ulielea. Koo likafunguka lenyewe, likafunguka kama mlango wa nyumba mgeni akibisha, na Zephaniah alilifunga kwa nguvu zake zote mpaka machozi yakamtoka. Akamfikiria Mable. Akainua uso.

Pfuuu.

Manyunyu yaliruka juani, yakamwangukia Fanuel miguuni.

"Hasira niliyonayo kwa ndugu yangu Fanuel kwa ajili ya shamba la miwa," alisema, na sauti haikutetemeka, "na itoke."

"Na itoke," wazee wakaitikia.

Akajaza tena. Akatema tena. Mavumbi yakalowa yakawa na madoadoa kama ngozi ya chui.

"Hasira niliyonayo kwa baba yangu, aliyekufa bila kuningoja, na itoke."

"Na itoke."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja kucheka alifuta macho. Priscilla alikuwa ameshika ukingo wa paa kwa mikono miwili. Na Fanuel, wasomaji wangu, Fanuel alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeona kinu chake kikipasuka.

Lakini ninyi hammjui Fanuel kama ninavyomjua mimi.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana. Sasa iliyobaki akamtemee mtoto. Ndani. Kichwa hadi miguu, kibuyu kiishe. Baba alifanya hivyo."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ni kweli, baba alifanya hivyo.

"Nitaingia naye," alisema Priscilla.

"Utaingiaje, shemeji?" Fanuel alimgeukia kwa upole kama mchungaji. "Anayeingia humo lazima awe na moyo mweupe, la sivyo hasira mbili zitachanganyika juu ya mtoto. Wewe humwonei mumeo hasira? Hata kidogo?"

Watu wote wakamtazama Priscilla. Angeweza kusema simwonei. Neno dogo tu, na angeingia, na hadithi ingekuwa nyingine.

"Ninayo," alisema Priscilla. "Imejaa mpaka hapa."

Na akabaki nje.

Zephaniah aliingia peke yake na kibuyu. Kutoka juani, giza la nyumba lilimpofusha. Aliona kwanza ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa, kisha Mable juu yake, mdogo kuliko alivyomkumbuka, midomo imepasuka kwa joto. Karibu na kichwa cha mtoto aliketi Bibi Mghoi. Aliposikia hatua za mkwewe alijifunika kitambaa kichwani akageukia ukutani, kwa sababu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, na haidhuru kwamba mmoja haoni. Adabu ni adabu. Tangu Zephaniah amwoe Priscilla, mkono wa mama yule haukuwahi kumgusa.

"Karibu, baba Mable."

"Ahsante, mama."

"Anza na kichwa. Kichwa ndicho kinachounguza."

Zephaniah alijaza kinywa. Aliinama juu ya mtoto wake. Alimwona mshipa wa shingo ukidunda. Alimpenda, na asije mtu akaniambia hakumpenda; alimpenda mpaka kifua kilimuuma. Alikuwa anaamini, kama ninavyoamini kwamba jua litatua, kuwa funda moja litamuua.

Na akameza.

Sikusema alitaka kumeza. Alikuwa bado anaamua. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kusema. Koo halikumngoja.

Ilishuka ikamwasha mpaka tumboni, na huko ikakuta nyumba yake ya zamani, ikakaa. Mikono iliacha kutetemeka. Hilo ndilo lililomtisha: mikono iliacha kutetemeka mara moja, kana kwamba mtu amezima injini.

Nje wanangoja kusikia.

Zephaniah alikaza midomo, kinywa kitupu, akapuliza.

Pfuuu.

"Hasira yangu kwa ndugu yangu, na itoke," alisema kwa sauti kubwa.

"Na itoke," wakaitikia nje.

Ni moja tu, alijiambia. Ya pili nitatema. Akajaza ya pili ili aiteme, na alipokuwa anaishikilia kinywani akagundua kwamba hasira, kama imesharudi, imesharudi. Ya pili haitaongeza kitu. Ona akili hiyo. Mlevi akitaka kunywa anakuwa wakili.

Akameza. Pfuuu.

"Na itoke."

"Na itoke."

Akameza. Pfuuu. Alizidi kupuliza vizuri, akaongeza na sauti ya matone kwa ncha ya ulimi, tsss, tsss, kama mvua juu ya majani ya mgomba. Akazunguka mtoto, kichwani, kifuani, miguuni, akiinama na kuinuka. Alikuwa anatoa machozi ya kweli. Kibuyu kilipokuwa chepesi alikiinamisha juu kabisa, akangoja lile tone la mwisho linaloning'inia, akalipokea kwa ulimi.

Pfuuu.

Nje wanawake walianza vigelegele. Alimsikia Fanuel akiuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu fulani, "Kimekwisha?"

"Kimekwisha," Zephaniah alijibu.

Kisha sauti ya Priscilla mlangoni. Hakuingia. Alikuwa amesimama pale pale alipokatazwa kuvuka.

"Baba Mable. Umemtemea?"

Tayari uongo ulikuwa umejipanga, na nguo safi.

"Nimemtemea, mama Mable. Kichwa hadi miguu. Sikumeza hata tone."

Akamsikia Priscilla akivuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo wa kuni aliokuja nao kutoka mbali, na pumzi ile ilimwingia Zephaniah kama kisu kinavyoingia kwenye ndizi.

Bibi Mghoi alikuwa hajasogea. Uso bado ukutani. Mkono wake tu ndio uliotoka chini ya kitambaa, ukamtafuta mjukuu wake. Ulipita kwenye paji la uso. Ulikaa hapo. Ulishuka shavuni, shingoni, ukaenea kifuani, ukapapasa tumbo, magoti, nyayo, kidole baada ya kidole. Ukapapasa ngozi ya ng'ombe huku na huku. Kisha ukarudi kwenye paji la uso, ukaanza tena, polepole, kama anayetafuta sindano.

"Mama," alinong'ona Zephaniah. "Joto lake ni kali. Limeyakausha."

Bibi kizee aligeuka. Aliufunua uso. Na mkono ambao tangu ndoa haukuwahi kumgusa ukanyooka kwenye giza, ukamkuta kidevu, ukapanda, na gumba likapita juu ya mdomo wake, kutoka pembe hadi pembe.

"Priscilla," aliita, bila kupaza sauti. "Ingia, mwanangu. Mtoto ni mkavu. Palipolowa ni hapa tu."